Kuandika Upya Sehemu ya Kobe

Nilipofika kwa dada yangu safari ile, mzigo ungali begani, nilimkuta mpwa wangu akigombana na simu. Alikuwa ameilaza juu ya meza ya kukatia nguo, sauti ameifungua, naye anaizunguka meza kama mtu anayetafuta pa kumkamatia kuku.

"Kwa hiyo hapana?"

"Hapana, dada yangu," simu ikajibu. Sauti ya mwanamume, taratibu, haina hasira hata chembe. "Mimi sikukupa wewe. Nilizipa meza zote za kukatia nguo, zilizopo na zitakazokuja. Nikikubali waifunge, nitakuwa nimewanyang'anya watu."

"Na mimi nile nini, Kobe?"

"Wafundishe kuitumia. Ikiharibika watengenezee. Wakulipe kwa hilo."

"Nimefanya hivyo miaka yote. Wananiita malaika. Na malaika hali chakula, ndiyo maana hakuna anayeniletea."

Mtu wa kwenye simu akacheka. Mpwa wangu naye akacheka bila kupenda, kisha wakaagana kwa heshima, kila mmoja na lake moyoni.

Dada yangu hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Karibu, Mguu Nje. Chai imo kwenye chupa. Usimwulize mwanao kitu mpaka naye anywe."

Mguu Nje ndiyo mimi. Ndugu zangu walinipa jina hilo kwa kuwa sijawahi kukaa ndani ya nyumba na miguu yote miwili. Mpwa wangu tunamwita Mdogo, kwa sababu dada yake ni Mkubwa, na wazazi wao hawakujisumbua zaidi ya hapo. Mdogo alikulia chini ya meza ile ile, akiokota vipande vya nguo vilivyoanguka. Vilikuwa vingi mno, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa kitambaa kilichonunuliwa kikatupwa. Alipokua akajifunza kompyuta, akaandika programu inayopanga sehemu za nguo juu ya kitambaa, mkono hapa, kola pale, ili mabaki yawe machache. Mafundi wa nchi nyingi wanaitumia. Mimi mwenyewe nimeiona kwenye karakana ya mbali kabisa na kwao, nikawaambia wale mafundi kwamba aliyeitengeneza ni mwana wa dada yangu, wakanitazama kama wanavyotazamwa wazee waongo.

Alipomaliza kikombe nikamwuliza.

"Mjomba, niliiweka wazi," alisema. "Msimbo wake, yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuuchukua, kuubadili. Bure. Ila leseni ina sharti moja. Ukiuchanganya na wa kwako kisha ukauza, na wa kwako uufungue hivyo hivyo."

"Kama mtu aliyechota moto kwako, naye asimnyime jirani."

"Hivyo hivyo. Sharti zuri. Ndilo lililoniletea watu kama Kobe. Na ndilo linalonikaba koo."

Ikawa hivi. Kuna kiwanda kinatengeneza meza kubwa zinazokata nguo zenyewe. Kilitaka kuiweka programu ya Mdogo ndani ya meza zake, lakini hakikutaka kufungua msimbo wake. Kikasema: tupe leseni nyingine isiyo na lile sharti, nasi tutakulipa kwa kila meza itakayouzwa. Na hilo linaruhusiwa, alinieleza. Mwenye msimbo anaweza kuutoa kwa milango miwili: bure kwa anayekubali sharti, kwa malipo kwa asiyelitaka. Wenzake wengi ndivyo wanavyoishi.

"Basi toa."

"Si wangu wote, mjomba. Sehemu moja aliandika Kobe."

Kobe hajawahi kuonana naye uso kwa uso. Ni jina la mtandaoni tu. Miaka kadhaa iliyopita, programu ilikuwa ikipanga vizuri lakini maua ya kitambaa yanatoka kichwa chini kwenye mkono mmoja wa gauni. Kobe akaandika sehemu ya kuangalia uelekeo, akamtumia. Mdogo akaipokea kwa asante nyingi. Hakumwomba atie sahihi popote kwamba siku moja anaweza kuitoa kwa leseni nyingine.

"Nani anamwandikisha mtu karatasi kwa sababu ya zawadi?" alisema. "Watu wa kazi yetu ndivyo tulivyo. Tunasoma leseni za wengine kwa darubini, za kwetu tunaziacha wazi kama choo cha stendi."

"Na usipoweza?"

Akanionyesha barua kwenye simu. Ofisi moja, mji mwingine, ilimwita akapokee malalamiko ya wateja wa mitandao ya simu. Kiti kinamsubiri mwezi ujao. Akienda, hapati tena saa ya kuishughulikia programu, na haina mtunzaji mwingine. Watu wa kiwanda cha meza nao walimpa mpaka mwisho wa mwezi.

"Sitaki kwenda," alisema, na hakuipandisha sauti. "Nimeitengeneza hii kazi mwenyewe. Nataka inilishe. Sitaki inifanye tajiri, nataka inilishe tu nikiwa nimekaa hapa hapa."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilinifikia kesho yake tu, ofisini kwa wakili.

Wakili alikuwa mwanamama mfupi mwenye ofisi juu ya duka la viatu, na harufu ya ngozi mpya ilipanda mpaka kwenye mafaili yake. Alimsikiliza Mdogo mpaka mwisho, kisha akasema dawa iko moja. Sehemu ya Kobe iondolewe, iandikwe nyingine. Lakini si na Mdogo. Mdogo ameisoma ile ya Kobe mara nyingi mpaka imemkaa kichwani, na hata asipotaka, mkono utaiga. Aandike mtu mwingine, asiyewahi kuiona hata kwa jicho la pembeni. Mdogo aeleze kinachotakiwa tu, asieleze kinavyofanyika. Na wawili hao wasizungumze juu ya kazi hiyo. Kati yao akae mjumbe ambaye hata akitaka kuubeba msimbo wa Kobe, hawezi.

Wote wawili wakanigeukia.

"Mzee wangu, unaweza kusoma msimbo?"

"Mama, mimi shule nilisoma kwa vipande. Mwaka huku, muhula kule. Walipofundisha kugawanya nilikuwa njiani."

"Safi kabisa," wakili akasema, akaandika.

Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunijibu hivyo.

Ukabaki mtihani wa nani aandike. Mafundi wote wa kompyuta ambao Mdogo aliwajua walikuwa wameusoma msimbo wake. Wengi ndipo walipojifunzia. Tulikuwa tunashuka ngazi alipokanyaga ya mwisho akasimama.

"Mungu wangu," alisema. "Shemeji."

Mume wa Mkubwa anafanya kazi benki. Wenzake wanamwita Bwana Mfumo, kwa sababu kila kitu kikigoma dirishani, makarani wanapiga kelele "mfumo!" na anayetokea ni yeye. Tulimkuta sebuleni kwake, kaptula na fulana, miguu juu ya stuli.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe."

"Na huyu Mama Sadaka je? Leo unagawa nini, shemeji? Au umeishiwa?"

"Leo sigawi, shemeji. Leo naomba. Hivi, umewahi kuusoma msimbo wa programu yangu?"

"Hata siku moja. Kitu cha bure ni kama mbwa wa mtaani. Kila mtu anamwita, hakuna anayempeleka kwa daktari."

"Hujafungua hata ukurasa?"

"Nimekwambia hapana! Unataka nile kiapo? Mkubwa, mwambie mdogo wako."

Mkubwa akajibu kutoka jikoni. "Hajafungua. Nilimwomba siku moja amtazamie kosa, akasema ana kazi za watu wanaolipa. Nilimnunia mpaka akaninunulia kanga."

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta," Mdogo akasema. "Ukoo mzima, mtaa mzima, wewe tu ndiye mwenye mikono safi."

Bwana Mfumo alikuwa ameshatayarisha kejeli nyingine, nikaiona kabisa ikimrudi kooni. Akateremsha miguu. Mdogo akamweleza yote: Kobe, kiwanda, wakili. Alipofika kwenye malipo, nilidhani shemeji atauliza kiasi gani. Aliuliza kitu kingine.

"Na jina langu litakaa wapi?"

"Juu ya sehemu uliyoandika. Itakuwa yako. Mimi nitakuwa na ruhusa yako, na safari hii kwa maandishi. Kila meza ikiuzwa nawe una fungu."

"Unajua, kule benki nimeandika mpaka vidole vimepinda," Bwana Mfumo alisema. "Mshahara unaingia, sikatai, na nyumba hii imejengwa kwa huo. Lakini siku nikitoka pale, sitoki hata na mstari mmoja. Hata jina langu juu ya kazi walilifuta. Wanasema ni usalama."

"Sema ndiyo, mume wangu, wali unapoa," Mkubwa akaita.

Wakili alisoma mkataba wa kazi wa Bwana Mfumo akakuta kwamba anachoandika saa za benki, au kwa vyombo vya benki, ni mali ya benki. Basi akaomba likizo, akanunua kompyuta ya mtumba. Ilikuwa imeng'oka herufi moja. Dada yangu akamtolea kifungo cha shati kwenye kopo lake, akakibandika pale kwa gundi.

Kazi ikaanza. Kutoka nyuma ya duka la dada yangu unapita kwa fundi baiskeli, kwa kinyozi, kwenye mtaro ambao kila serikali inaahidi kuufunika, kisha unapanda ngazi za nje za nyumba ya Mkubwa. Kila nilichoambiwa upande mmoja nilikirudia kwenye simu ikirekodi, na nikifika upande wa pili nakirudia tena. Wakili ndivyo alivyotaka.

"Mwambie hivi," Mdogo alisema siku ya kwanza. "Kila sehemu ya nguo ina kichwa na miguu. Maua ya kitambaa nayo yana kichwa na miguu. Vikae vikielekea upande mmoja. Velveti ukiipapasa chini manyoya yake yanalala, ukiipapasa juu yanasimama. Basi sehemu zote zilale pamoja. Bitana, ile ya kushonea ndani, haijali, ilale popote. Anaweza kuanza na..." Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Tangu hapo akabuni dawa yake. Akimaliza kusema kinachotakiwa, anajaza chai mdomoni na kunipungia mkono niondoke. Mteja mmoja alimkuta hivyo, mashavu yamevimba, akamwuliza dada yangu kama binti anaumwa jino.

Bwana Mfumo alikuwa mtu wa maswali. Nilikwenda na kurudi mpaka kinyozi akaanza kunisalimia kwa kuhesabu. "Mwulize mistari iliyonyooka inahesabika kama maua?" "Anasema inahesabika ikiwa ina upande." "Upande gani?" "Anasema uangalie shati lako." Akavua shati, akalitandaza sakafuni, akalala kifudifudi mbele yake kama mtu anayechunguza njia ya siafu. Sikumwona tena na dharau yake tangu siku hiyo. Alikuwa na hasira tu, na hasira ya kazi ni kitu kizuri.

Kilichomkwamisha ni kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Mafundi hukunja ili wakate mikono miwili kwa mkupuo mmoja, lakini ukikunja vibaya, ua la juu linasimama na la chini linapinduka. Alijaribu hivi, akajaribu vile. Mwezi nao ulikuwa unakatika. Siku hiyo nilimkuta amesukuma kompyuta mbali, simu iko mkononi.

"Mjomba, unajua kinachonichekesha? Dunia nzima inaweza kuusoma msimbo wa Kobe. Mtoto wa watu huko asikojulikana anaufungua sasa hivi huku anakula karanga. Mimi, shemeji wa mwenye nyumba, ndiye pekee niliyekatazwa." Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. "Nani atajua?"

"Mimi sitajua," nikasema. "Nikitoka hapa siwezi kujua. Siwezi kukulinda, mkwe, na sikuja kukulinda. Lakini Mdogo ataulizwa mbele ya wale watu, naye atajibu kwamba hujasoma. Utakuwa umemtia uongo mdomoni, na yeye hajui kwamba ni uongo."

Akailaza simu kifudifudi.

"Nenda zako, mjomba. Unaniziba hewa."

Nikaenda. Kesho yake mchana alinipa flashi. "Imekwisha. Mpelekee." Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa.

Nilipoiweka mezani kwa Mdogo, hakuishika.

"Jana alikwama. Leo amekwamuka?"

"Ndivyo."

"Uliona akiandika?"

"Sikuona. Na nikiulizwa na wakili nitasema sikuona." Nikamweleza na habari ya simu, kwa kuwa haikuwa yangu kuificha.

Akakaa. Alijua, nami nilijua, kwamba ikifanana na ya Kobe hakuna tena siku za kuanza upya. Kilichobaki ni kiti cha malalamiko katika mji mwingine. Akaichomeka flashi. Akaweka shati la maua: likapangika. Akaweka gauni la velveti: likapangika. Akaweka suruali kwenye kitambaa kilichokunjwa: ikapangika, maua yote wima. Kila ilipofaulu uso wake ulizidi kukunjamana.

"Nzuri mno," akasema polepole. "Mjomba, hii ni nzuri mno."

"Kama inafanya kazi, nipangieni zile kofia za kwaya," dada yangu akadakia kutoka kwenye cherehani. "Mteja anakuja kesho, na mimi sili mambo ya leseni."

Mdogo akaweka kofia. Ukingo ukapata mahali pake. Bitana ikapata mahali pake. Ikabaki ile sehemu ya juu, ya duara. Ikageuka kidogo. Ikageuka tena. Ikazunguka na kuzunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, haikai. Tukasubiri. Feni ya kompyuta ikaanza kulia. Duara linazunguka tu.

Mdogo akapiga meza kwa viganja akacheka mpaka pini zikaruka.

"Inatafuta kichwa! Duara halina kichwa, nayo inakitafuta! Hakuangalia, mjomba! Shemeji hakuangalia!"

"Umejuaje?"

"Kobe jambo la kwanza analofanya, la kwanza kabisa juu ya ukurasa, ni kuuliza: hiki ni duara? Kama ni duara anakiacha. Mtu akiufungua ule ukurasa, hata kwa kuchungulia, hilo ndilo linalompokea mlangoni. Mimi mwenyewe nilisahau kumtajia shemeji maduara, maana kwa Kobe sijawahi kuyaona yakisumbua." Akaufungua msimbo wa shemeji, kwa kuwa sasa ulikuwa umeandikwa na hakuna cha kuharibu, akaupitia kwa kidole, akizidi kucheka na kufuta machozi kwa kipande cha bitana. "Tazama! Anakata kitambaa mara mbili kimawazo, anakigeuza kama chapati, halafu anakishona tena. Hakuna mtu angefanya hivi! Mrefu kama foleni ya benki! Mbaya, mjomba, mbaya hasa!"

Sijawahi kuona mtu akifurahia kazi mbaya kiasi kile. Ghafla akanikazia macho.

"Hilo nililosema la Kobe. Umelisikia."

"Lipi?"

"Mjomba."

"Nimesikia kofia inazunguka haikai. Nampelekea hilo tu."

Nimebeba magunia, nimebeba matofali, nimewahi kubeba jokofu ghorofa nne peke yangu. Sijapata kubeba mzigo mzito kama lile jibu siku ile, tangu kwa fundi baiskeli mpaka ngazi za Mkubwa, nami ni mtu ninayependa kusema. Nilipofika nikatoa ujumbe wangu: kofia inazunguka, haikai. Bwana Mfumo akakunja uso. Akaenda jikoni kunywa maji. Nikasikia mfuniko wa sufuria ukianguka, ukazunguka sakafuni mpaka ukatulia, kisha yeye akijipiga paji la uso.

"Mjomba! Mwambie anipe saa moja!"

Watu wa meza walikuja wawili: meneja, na fundi wao aliyekuwa na kompyuta nzuri kuliko zetu zote. Walikaa kwenye viti vya wateja, chini ya magauni yaliyotundikwa. Wakili alikuwepo, akawasikilizisha rekodi zangu mpaka wakachoka. Bwana Mfumo alikuja na tai ya kazini. Fundi wao aliijaribu programu kwa nguo zake mwenyewe, akaandika namba, akajiegemeza nyuma.

"Inafanya kazi. Lakini ni nzito. Ile ya bure, yenye sehemu ya zamani, ina kasi mara nyingi zaidi."

"Kweli," Mdogo akasema.

"Sasa tulipie iliyo nzito kwa nini?" meneja akauliza.

"Msilipie. Ile yenye kasi iko pale, ichukueni leo, siwadai kitu. Leseni yake inasema na msimbo wa meza zenu muuweke wazi, kila fundi ausome. Mko tayari?"

Meneja akamtazama fundi. Fundi akatazama magauni.

"Hamko tayari," Mdogo akaendelea. "Basi ninyi hamnunui kasi. Mnanunua ruhusa ya kuufunga mlango wenu, na ruhusa hiyo duniani tunayo mimi na huyu bwana hapa, hakuna mwingine. Kasi itakuja. Tutaifanyia kazi, nayo mtailipia kando."

"Binti yako ni mgumu," meneja akamwambia dada yangu, nusu mzaha.

"Si mgumu. Amechoka kuitwa malaika," dada yangu akajibu, akakata uzi kwa meno.

Wakatia sahihi. Bwana Mfumo alipofika mahali pa jina lake aliliandika lote, hata la babu yake, likavuka mstari. Mdogo aliiandikia ile ofisi ya mji mwingine maneno machache ya kushukuru na kukataa. Jioni hiyo hiyo mtu wa benki akapiga simu kwamba mfumo umegoma, akajibiwa kwamba Bwana Mfumo yuko likizo.

Mdogo hakutaka Kobe asikie kwa watu. Alimpigia mwenyewe, simu juu ya meza ile ile, na safari hii alikuwa amekaa. Alimweleza kila kitu bila kupamba: sehemu yako nimeitoa kwenye ile ya kuuzwa, imeandikwa nyingine na mtu asiyekujua, ya bure imebaki na yako ndani, na jina lako, kama ulivyoiweka.

"Umefanya ilivyopasa," Kobe alisema. "Sijapenda, lakini hukuniibia. Nami nikwambie langu. Nimeichukua ile ya bure, nimeianzisha upya kwa jina lingine, mimi na wenzangu kadhaa. Sitaki siku moja uchoke, watu wakose. Leseni inaniruhusu."

Nikaona vidole vya Mdogo vikishika ukingo wa meza. Miaka yote programu ilikuwa moja, na mtunzaji alikuwa yeye.

"Inakuruhusu," alisema.

"Tumeshaanza kitu kizuri cha vitambaa vinavyovutika. Kiko wazi. Kisome, utakipenda."

"Siwezi, Kobe."

"Kwa nini?"

"Nikisoma chako kitanikaa kichwani. Kisha nitakiandika kwenye ile ninayouza, hata bila kukusudia. Wakili amenikataza kuanzia leo. Chochote unachoandika sasa, mimi sikisomi."

Hao ni watu wawili ambao hawajawahi kuonana, na walijuana kwa kusomana tu, mstari kwa mstari.

"Basi utanipigia," Kobe akasema. "Tuongee habari za nyumbani."

"Nitakupigia. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Magoti tu."

Wakaongea magoti. Kisha Mdogo akaagana naye, akafungua kompyuta, akaufuta ule ukurasa wa Kobe kwenye orodha ya kurasa anazosoma kila asubuhi. Hakuuliza mtu. Akavuta kiti, akaufungua msimbo mbaya wa shemeji, akaanza kutafuta ni wapi unapochelewa, ili nimpelekee shemeji ujumbe aurekebishe mwenyewe.